Kitenzi Kinachomficha Mtu: Kalemie na Historia ya Kuachwa

Mjini Kalemie, pikipiki ikikataa kuwaka, watu husema imekufa. Jenereta hufa, redio hufa, injini ya mtumbwi hufa katikati ya ziwa na abiria wakashika makasia. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kimezipa mashine roho, na fundi kikampa kazi ya kufufua. Kitu ambacho hakijafa lakini hakiaminiki tena huitwa kibovu: njia mbovu, daraja bovu, motokari mbovu. Neno hilo la pili lina ukoo mkubwa kuliko tunavyodhani. Bovu na oza ni watoto wa mzizi mmoja wa Kibantu. Waluba, majirani wa Kalemie upande wa bara, husema kubola, na Wabemba wa Zambia vilevile. Lingala ina kopola. Kutoka mzizi huohuo Kiswahili kikapata ovu. Wazee waliotuachia lugha waliweka embe lililooza na moyo ulioharibika katika kapu moja, na sidhani walikosea.

Vitenzi vya uharibifu tunavyo vingi, na kila kimoja kina mahali pake. Kuoza ni kwa nyama, tunda na mbao, vitu vilivyowahi kuwa hai. Kuchakaa ni kwa nguo na viatu, na ndani yake mna heshima kidogo, kwa sababu kilichochakaa kilitumika kwanza. Kuzorota ni kwa afya, masomo na huduma za serikali. Chuma huota kutu, kana kwamba kutu ni jani. Nyumba iliyobaki kuta ni gofu, na kijiji kilichohamwa ni hame au ganjo. Sasa hebu tazama vitenzi hivi kwa pamoja: hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu. Mbao zimeoza, basi. Barabara imeharibika, basi. Ile silabi ndogo ya -ik- katika kuharibika inafunga mlango, na aliyekuwa na wajibu anabaki nje ya sentensi. Ukitaka kumwita ndani inabidi useme imeharibiwa, imetelekezwa, imeachwa. Hapo msikilizaji atauliza, na nani?

Historia ya Kalemie imezoea kusimuliwa kwa vitenzi vya kundi la kwanza. Reli imeoza, bandari imechoka, kiwanda kimekufa. Nataka kuipitia upya nikiuliza swali la msikilizaji yule.

Tuanze na jambo ambalo kwa haki halina mtu ndani yake. Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470 hivi, lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, nao ni mto Lukuga, unaoanzia hapo Kalemie na kwenda kuukuta mto Lualaba. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika mwaka 1874 aliukuta mlango huo umejaa majani na mafunjo. Stanley, aliyepita mwaka 1876, hakuamini kwamba ziwa linatoka hapo. Miaka mitatu baadaye Edward Hore wa misheni ya London aliona maji yakikimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Katikati ya safari ya Stanley na ile ya Hore kizuizi kilikuwa kimevunjika, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kama 10. Matope na mimea viliziba mlango mwaka baada ya mwaka, kisha uzito wa maji ukafungua. Hapa kitenzi kisicho na mtu kinastahili kabisa. Mto uliziba, mto ukazibuka.

Kaskazini kidogo ya mlango huo palikuwa na Mtowa, bandari ya majahazi yaliyotoka Ujiji. Hapo ndipo Kiswahili kilipoteremka kutoka mashuani na kuingia Uguha na Umanyema, kikifuatana na nguo, shanga na bunduki, na wakati wa kurudi kikifuatana na pembe za ndovu na watu waliofungwa. Wamisionari wa Kiingereza walijenga kituo Mtowa mwaka 1879 na kukiacha baada ya miaka michache. Kusini, huko Mpala, Mapadre Weupe walipokea mwaka 1885 kituo alichokuwa amekijenga Mbelgiji Émile Storms, nao wakadumu; Kiswahili kikawa lugha ya katekisimu na ya darasa. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques alianzisha ngome kwenye ufuko huu na kuipa jina la mwanamfalme wa Ubelgiji: Albertville. Mwaka uliofuata majeshi ya Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, yaliizingira. Kwa hiyo kabla mji haujawa mji, ufuko huu ulikwisha kuwa na mahame yake: vijiji vilivyokimbiwa kwa hofu ya utumwa, na kituo cha misheni kilichobaki bila wenyewe. Kuhama kwa hofu ni kuacha kwa aina yake. Anayekimbia hatelekezi nyumba, ameondolewa.

Reli ilikuja baadaye. Kampuni ya CFL ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, iliyoanzishwa mwaka 1902, ilijenga vipande vya njia ya chuma kukwepa maporomoko ya Lualaba, kisha ikatoa tawi kutoka Kabalo hadi ziwani, takriban kilomita 273. Tawi hilo lilifika Albertville mwaka 1915, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza. Ng'ambo ya pili Wajerumani walikuwa wameifikisha reli yao Kigoma mwaka 1914, na ziwa likawa uwanja wa mapigano. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, zikavutwa milimani kwa ng'ombe, watu na mashine za mvuke, zikashushwa majini hapa karibu na Lukuga mwezi Desemba 1915.

Kisa ninachokirudia kila ninapofikiria matunzo kinatoka katika vita hivyo, nacho kinahusu meli ya adui. Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa maelfu ya makasha hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Mwezi Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mashine yake grisi nzito, sehemu kwa sehemu. Walikuwa wameshindwa, wanakimbia, na kwa hesabu za kawaida meli hiyo haikuwahusu tena. Wakaipaka grisi. Wabelgiji waliiibua na kuivuta hadi Kigoma, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakakuta mashine zinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba, ikapakia abiria na dagaa na magunia ya mahindi kwa karibu karne nzima, hadi ilipofungwa gati mwishoni mwa miaka ya 2010 ikingoja matengenezo makubwa. Miaka ya chini ya maji haikuiozesha. Sijui mfano mwingine katika ziwa letu unaoonyesha kwa uwazi namna hii kwamba kuoza kuna mtu anayekuruhusu au anayekuzuia.

Baada ya vita Albertville ilikuwa mlango wa Kongo kuelekea bahari ya Hindi. Kwa mkataba wa Machi 1921 Ubelgiji ilikodishiwa na Uingereza maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, bila kikomo cha muda. Ndiyo Belbase, ambayo wazee wa mitaa ya bandarini wanaikumbuka. Mzigo ulishuka kutoka treni ya CFL, ukavuka ziwa, ukapanda treni ya Tanganyika. Karibu na mji, Greinerville, palichimbwa makaa ya mawe ya bonde la Lukuga. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kilijengwa kiwanda cha kusokota na kufuma cha Filtisaf, kikavaa pamba ya kaskazini ya Katanga na kuuvisha mji mzima vitenge na shuka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 umeme ulianza kutoka Bendera, kwenye mto Kiyimbi, kituo cha takriban megawati 17, na huko Kabimba saruji ilichomwa kwa chokaa ya ufukoni.

Hapo wazee wengi hutua, wakavuta pumzi, wakasema: wakati wa Wabelgiji kila kitu kilitunzwa. Ni kweli, na siwezi kuwakatalia walichokiona kwa macho yao. Lakini kitenzi hiki nacho kinaficha mtu. Kilitunzwa na nani? Barabara za vumbi zilitunzwa na kantonye, mtu wa kijijini aliyepewa kipande chake cha njia, jembe na beleshi, afyeke majani, azibue mtaro, ajaze shimo. Wengi wao hawakuchagua kazi hiyo. Pamba ya Filtisaf ilitoka kwenye mashamba ambayo tangu 1917 mkulima alilazimishwa kuyalima, kwa bei isiyokuwa yake, na akikaidi kuna faini, jela na fimbo. Matunzo ya koloni yalikuwa kazi ya mikono ya Wakongo iliyopangwa na watu wengine kwa faida ya watu wengine. Ndiyo maana uhuru ulipokuja mwaka 1960, ujuzi wa mikono ulikuwepo kwa wingi, na ujuzi wa kupanga, kununua vipuri na kuweka akiba ulikuwa umefungiwa ofisini na kuondoka na wenyewe kwa meli. Wabelgiji walijenga utunzaji usiorithika. Hilo nalihesabu kuwa telekezo la kwanza, na lilifanyika wakati majengo bado yanang'aa kwa rangi.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka, kwa kuwa inajulikana. Kujitenga kwa Katanga kukauleta mto wa damu kaskazini: Novemba 1960 askari 9 wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa Niemba, kwenye njia hiyohiyo ya reli. Juni 1964 wapiganaji waasi wa Gaston Soumialot waliutwaa mji, na Jason Sendwe, kiongozi wa Waluba wa kaskazini ya Katanga, akauawa humo. Mwisho wa Agosti jeshi na mamluki wakaurudisha. Mwaka 1965 Che Guevara, aliyekuja kuwasaidia waasi, alituma watu wake kushambulia Bendera, wakashindwa. Chini ya Mobutu jina la mwanamfalme likaondolewa, na likarudi jina la mahali, Kalemie, ambalo Waingereza wa Mimi na Toutou walikwisha kulisikia mwaka 1915.

Kisha likaja pigo lisilotoa sauti. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zingepewa Wazaire. Maduka, mashamba na karakana vikaenda kwa watu wenye vyeo. Wengi wao waliuza kilichokuwa stoo, wakala mtaji, wakafunga mlango. Mwaka 1974 makampuni ya reli, CFL miongoni mwao, yaliunganishwa kuwa shirika moja la taifa, leo SNCC, lenye makao makuu Lubumbashi. Kwa mtu wa Kalemie hii ilimaanisha kwamba bolti ya kufungia reli ya Nyunzu iliombwa kwa barua iliyosafiri hadi kusini ya Katanga. Na mizigo mikubwa, shaba yenyewe, haikuwa ikipita huku. Ilikwenda kusini na magharibi. Tawi la ziwani lilikuwa mkono wa kushoto wa mwili ulioanza kukosa chakula, na mwili ukinyimwa chakula hutangulia kusahau mkono huo.

Inafaa kujua reli inakufaje, kwa sababu watu hudhani inakufa kwa bomu. Reli inalala juu ya mataruma, mataruma yanalala juu ya kokoto, na kokoto ziko pale ili maji ya mvua yapite yasisimame. Majani yasipofyekwa, mizizi na udongo huziba nafasi kati ya mawe. Mtaro wa pembeni ukijaa, tuta hugeuka uji kila masika. Taruma la mbao huanza kuoza kwa chini, mahali jicho halifiki. La chuma huliwa na kutu kwenye tundu la bolti. Bolti hulegea, reli husogea kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Dereva anaambiwa apunguze mwendo kipande kile. Mwaka unaofuata vipande ni vinne. Baada ya miaka 20 treni inatembea kama mtu anayepita gizani na mkono ukutani, na safari ya siku moja inakuwa ya siku tatu au nne. Hakuna hata siku moja katika miaka hiyo ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema, leo ndipo ilipovunjika. Na wakati huo wote palikuwa na wafanyakazi wa reli waliojua kila hatua ya ugonjwa, waliojua dawa, na waliokaa miezi mingi bila mshahara.

Uporaji wa 1991 na 1993 uliotikisa nchi nzima, vita vya 1996, halafu vita vya 1998 hadi 2003 ambavyo viliiweka Kalemie chini ya waasi wa RCD na kuzinyamazisha treni, vyote viliikuta maiti iliyokwisha kupoa. Filtisaf nayo ilifikia mwisho katika miaka hiyo. Mashine zake zilinyamaza, na jina likabaki midomoni mwa watu kama jina la mahali. Nikisikia mtu akisema vita viliua kiwanda, naona haki nusu. Vita vilipiga teke kilichoachwa mlangoni.

Treni zilirudi, kwa taabu. Alfajiri ya tarehe 12 Septemba 2019, treni ya mizigo iliyopandiwa na abiria ilianguka Mayibaridi, katika jimbo la Tanganyika. Waziri wa huduma za kibinadamu alitangaza vifo 50. Maofisa wengine walitaja idadi ndogo zaidi. Wengi wa waliokuwemo walikuwa juu ya mabehewa yasiyo ya watu, kwa kuwa barabara ilikuwa mbaya kuliko reli. Habari ziliandikwa: treni imeanguka. Kitenzi kikatenda kazi yake ya zamani. Treni haina miguu ya kujikwaa. Ilitembea juu ya kitu ambacho mtu fulani, ofisi fulani, bajeti fulani, mwaka baada ya mwaka, iliamua kutokitazama. Wale waliolala chini ya mabehewa walistahili angalau sentensi yenye mtendaji.

Kiswahili chenyewe kinajua kufanya hivyo kinapotaka. Washairi wa pwani waliyaona magofu kabla yetu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa mwanzo wa karne ya 19, unasimama mbele ya majumba yaliyoporomoka ya Pate na kuyafanya somo la kupita kwa dunia. Naupenda utenzi huo, lakini hauitoshi Kalemie. Pate iliposimuliwa, waliokula raha yake walikuwa wamelala kaburini, na kuporomoka kwa dari kulikuwa amri ya Mungu. Kalemie wapo watu hai waliosaini karatasi, na wapo watu hai wanaopanda treni. Afadhali ile methali ya jikoni na uani ambayo kila mtoto anaijua: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikiliza sarufi yake. Haikusema ufa usipozibwa. Imesema usipoziba, wewe, na adhabu ikakurudia wewe mwenyewe. Shida ya mji kama huu ni kwamba aliyeuacha ufa yuko Kinshasa, au Lubumbashi, au Brussels, au amekwisha kufa, na anayejenga ukuta ni mama muuza samaki ambaye ndagala zake zimeharibika kwenye behewa lililosimama porini siku mbili.

Nirudi kwenye Lukuga, tulikoanzia, kwa kuwa hata hapo mtu ameingia. Katika miaka ya 2010, kina cha ziwa kilipokuwa kikishuka, Tanzania na Kongo zilijadiliana kulijenga upya banio la Lukuga, kwa kuwa la zamani lilikuwa limebomoka na maji yanapita bila kiasi. Mazungumzo yakaendelea. Ziwa halikuyasubiri: tangu 2020 lilianza kupanda, na mwaka 2024 lilifika juu kiasi cha kuingia katika mitaa ya chini ya Kalemie, likawatoa watu majumbani na kuzilamba kuta za nyumba za zamani zilizo karibu na ufuko. Sasa wengi wakasema mlango umejaa mchanga, uchimbwe. Mlango uleule, ndani ya miaka michache, ulilaumiwa kwa kutoa maji mengi mno na kwa kutoa machache mno, na katika lawama zote mbili mtu hakutajwa.

Unaweza kusema mto umeziba, kama walivyoweza kusema wazee mwaka 1874. Unaweza pia kusema mto haujazibuliwa. Sentensi hizi mbili zinaeleza maji yaleyale, lakini ya pili imebeba -ja-, ile silabi tunayoitumia kwa mgeni ambaye hajafika na mtoto ambaye hajala, pale tunapojua kwamba jambo lina wakati wake na lina mtu wake. Reli ya Kabalo haijatengenezwa. Mishahara haijalipwa. Banio halijajengwa. Ndivyo wanavyosema watu wa Kalemie, mara nyingi wakiongeza neno bado mwishoni, wakiwa wamesimama stesheni na mizigo yao.